Pampu ya stoo: Kazi ipimwe kwanza, jina la kiwanda lifuate

MVUA za masika zinapoanza kunyesha mkoani Mwanza, kati ya Machi na Mei, mfanyabiashara mdogo wa Nyakato mwenye stoo iliyochimbwa kwenye mteremko hukosa usingizi. Juu ya sakafu ya stoo hiyo kuna magunia ya mahindi, mchele, mashudu ya kuku au mifuko ya saruji. Chini ya sakafu kuna mwamba. Maji yanayoshuka kilimani hayawezi kupenya mwamba huo, hivyo huchirizika juu yake mpaka yanapokutana na ukuta wa stoo, kisha hutafuta ufa. Asubuhi mwenye mali hukuta magunia ya chini yamelowa, na gunia la mahindi lililolowa likaota ukungu haliuziki tena kwa mtu yeyote mwenye nia njema.

Watu wa Mwanza wana sababu ya kujenga hivyo. Jiji lao ni la miamba na vilima, na kiwanja tambarare ni ghali. Mwenye kiwanja cha mteremko huchimba, akapata chumba cha chini ambacho mbele kina mlango unaotazama barabara na nyuma kimezama ardhini. Ni chumba chenye faida, kwa sababu hakina jua kali na hakihitaji paa lake peke yake. Lakini ndicho kinachopokea maji kabla ya vyumba vingine vyote.

Ndipo kila msimu linapoulizwa swali lile lile kwenye maduka ya vifaa, kuanzia Nyakato na Buzuruga hadi katikati ya jiji: pampu ya kampuni gani ni nzuri? Swali hilo si baya, ila huulizwa mapema mno. Anayeanza na jina la kampuni kabla ya kuijua kazi yake anaweza kulipa fedha nyingi kwa pampu bora kabisa ambayo haikutengenezwa kwa maji aliyonayo.

Jina moja, pampu tofauti

Majina yanayofahamika Afrika Mashariki yanatosha kuonyesha jambo hilo. Grundfos ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1945, hutengeneza pampu za kutoa maji shimoni zinazoitwa Unilift. Ndani ya jina hilo moja iko KP, inayopitisha taka zisizozidi milimita 10. Ziko pia AP12, AP35 na AP50, ambazo namba zake ndizo ukubwa wa taka zinazoweza kupita, yaani milimita 12, 35 na 50. Pedrollo ya Italia, iliyoanza mwaka 1974, ina TOP kwa maji yasiyo na taka nyingi na VX kwa maji machafu. DAB, nayo ya Italia, ina Nova kwa maji ya kawaida na Feka kwa majitaka.

Kwa hiyo anayesema amenunua Pedrollo au Grundfos bado hajasema amenunua nini. Maji yanayoingia stoo ya Nyakato wakati wa masika si maji ya bomba. Yana tope, mchanga, vipande vya mifuko ya plastiki na punje zilizomwagika. Punje ya mahindi iliyovimba kwa maji inaweza kuzidi milimita 10. Pampu ya maji safi ikizimeza punje za namna hiyo, feni yake hukwama, mota huendelea kuvuta umeme bila kuzunguka, na isipokuwa na kinga ya joto huungua hapo hapo. Mwenye stoo ataitukana kampuni, wakati pampu ilipewa kazi isiyo yake.

Pampu ya maji machafu nayo ina kasoro zake. Feni yake imewekwa mbali na njia ya maji ili taka zipite, na kwa sababu hiyo hutumia umeme mwingi zaidi kutoa kiasi kile kile cha maji. Pia huacha sentimita kadhaa za maji sakafuni ambazo haiwezi kuzivuta. Ndiyo maana inahitaji shimo la kukusanyia maji kwenye kona iliyo chini kuliko nyingine, ili maji yanayobaki yabaki shimoni na sakafu ikauke. Stoo isiyo na shimo hilo ianze na shimo, pampu ije baadaye.

Fimbo, saa na futi

Kazi ya kupima haihitaji mhandisi. Shimo lenye upana wa sentimita 60 kila upande huingiza lita 3.6 kwa kila sentimita moja ya kina. Siku ya mvua kubwa, mwenye stoo achomeke fimbo yenye alama shimoni na kushika saa. Maji yakipanda sentimita 10 kwa dakika moja, lita 36 zinaingia kila dakika. Pampu inayofaa ni ile inayotoa angalau mara mbili ya kiasi hicho, yaani lita 72 hivi kwa dakika, kwa sababu mvua ya mwaka ujao inaweza kuwa kubwa kuliko ya mwaka huu.

Baada ya hapo apime kimo. Kutoka chini ya shimo hadi mahali bomba linapomwaga maji nje, huenda ni mita tatu. Bomba refu na elbo zake hupunguza nguvu ya maji, hivyo ni busara kuhesabu mita nne. Sasa mnunuzi ana namba mbili mkononi: lita 72 kwa dakika, kwa kimo cha mita nne. Aingie dukani na namba hizo.

Hapo ndipo wengi hudanganywa na kibandiko bila muuzaji kusema uongo. Kibandiko kikiandika lita 200 kwa dakika na mita 8, mnunuzi hudhani lita 200 zitafika mita 8. Sivyo. Lita 200 hutoka pale ambapo hakuna kimo cha kupanda, na kwenye mita 8 halitoki hata tone. Namba anayoihitaji iko katikati, na huonyeshwa kwenye mchoro au jedwali ambalo kila kiwanda makini huchapisha kwa kila pampu. Muuzaji aombwe jedwali hilo. Asiyekuwa nalo hawezi kujua kama pampu anayoiuza itafanya kazi ya mteja wake.

Bomba nalo lisipunguzwe. Pampu yenye mdomo wa inchi moja na robo ikifungwa mpira wa nusu inchi kwa sababu ulikuwapo nyumbani, maji yatakayotoka ni kidogo mno hata kama pampu ni ya bei mbaya. Juu ya pampu iwekwe valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo kila inapozima, maji yote yaliyo bombani hurudi shimoni, na pampu hufanya kazi ile ile mara ya pili.

Pampu ya shambani isiingizwe ndani

Wakulima wa mboga wa kandokando ya ziwa, kuanzia Magu hadi Sengerema na Ukerewe, wanazijua pampu za petroli za inchi mbili na tatu. Honda na Koshin, zote za Japani, ni miongoni mwa majina yanayofahamika. Pampu ya namna hiyo hutoa mamia ya lita kwa dakika, na mwenye shamba aliye na stoo mjini hushawishika kuiingiza ndani siku maji yanapojaa.

Hilo ni kosa linaloweza kuua. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya chumba cha chini chenye mlango mmoja, gesi hiyo hujaa kwa dakika chache, na aliyeingia huanza kwa kuumwa kichwa na kulegea kabla hajatambua kwamba anakufa. Anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Kufungua mlango hakutoshi. Injini ya petroli ikae nje, mbali na mlango na madirisha, na mpira peke yake ndio uingie ndani. Kanuni hiyo ni ile ile kwenye visima vya shambani: injini isishushwe kisimani hata kama kina kimezidi uwezo wake.

Kina kina mpaka wake. Pampu inayokaa juu na kuvuta maji kwa mpira hutegemea mgandamizo wa hewa. Usawa wa bahari, mpaka huo ni mita 10 na kidogo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo mpaka unashuka hadi mita 9 hivi. Kwa vitendo, baada ya upotevu wa mpira na viungo, mkulima asitegemee kuvuta zaidi ya mita 6 au 7, liwe jina gani lililoandikwa kwenye tangi la mafuta. Injini yenyewe nayo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi ya mwinuko huo. Namba za kibandiko hupimwa katika hali nzuri kuliko ya shambani, na mkulima anayenunua pampu inayotosha kwa shida kwenye karatasi atapungukiwa akifika shambani.

Umeme na maji ndani ya chumba kimoja

Kwa stoo au nyumba, pampu ya umeme ya kuzamishwa ndiyo inayofaa zaidi. Ya nusu kilowati hutumia nusu uniti ya umeme kwa saa nzima ya kazi, wakati pampu ya petroli ya inchi mbili inaweza kumaliza zaidi ya lita moja ya mafuta kwa muda huo. Ikiwa na boya la kuwashia na kuzima, hufanya kazi usiku mwenye mali akiwa amelala.

Lakini umeme na maji havitaki mzaha. Pampu iunganishwe na fundi anayetambulika, iwe na waya wa ethi unaofanya kazi kweli, na ipitie kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha kiwango cha miliampia 30. Soketi iwekwe juu ukutani, mbali na maji yanapoweza kufika. Ekstensheni iliyolala sakafuni ni mtego. Pampu isinyanyuliwe kwa waya wake wa umeme, bali kwa kamba iliyofungwa kwenye mpini. Na mtu asiingie kwenye maji kabla ya swichi kuu kuzimwa.

Mtandao wa intaneti nao umeleta mtego wa aina yake. Anayetafuta ushauri huko hukutana na sifa za pampu za Marekani, kama Zoeller, ambazo hutumika sana kwenye vyumba vya chini vya nyumba za huko. Ni pampu za heshima kwao, lakini nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa volti 115 na mizunguko 60. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50. Pampu ya namna hiyo ikiletwa na ndugu kwenye sanduku na kuchomekwa ukutani, mota yake inaweza kuungua papo hapo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mvua inayojaza stoo ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nguzo na kukata umeme. Pampu bora isiyo na umeme ni chuma tu. Mwenye uwezo aandae jenereta ndogo itakayokaa nje, yenye nguvu mara tatu au nne ya pampu, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza. Asiye na uwezo huo atengeneze chaga za mbao na kuinua magunia yake sentimita 30 kutoka sakafuni. Chaga hizo humpa saa kadhaa za kupumua, na gharama yake ni ndogo kuliko ya gunia moja lililooza.

Baada ya hapo ndipo majina yashindanishwe

Mnunuzi aliyejua aina ya maji yake, lita zake na kimo chake sasa anaweza kulinganisha kampuni kwa haki. Kuna mambo manne ya kuuliza.

La kwanza ni vipuri. Je, sili ya shafti, feni, kapasita na boya vinapatikana Mwanza, au ni mpaka viagizwe Dar es Salaam au Nairobi? Pampu inayosubiri kipuri wiki mbili katikati ya Aprili haina faida, hata kama imetoka nchi gani.

La pili ni fundi. Baadhi ya pampu hufunguka kwa skrubu za kawaida na mota yake inaweza kusukwa upya. Nyingine zimefungwa moja kwa moja, zikiharibika zinatupwa. Fundi anayeaminika aulizwe kabla ya kununua, si baada ya kuharibika.

La tatu ni dhamana. Iwe imeandikwa, ionyeshe namba ya pampu na ieleze nani atakayeihudumia. Risiti ya mashine ya EFD itunzwe pamoja nayo, kwa sababu asiye na risiti hana pa kushika siku ya madai.

La nne ni bei kwa miaka, si bei ya siku ya kununua. Kwa mfano, pampu ya Sh150,000 inayokufa kila baada ya miaka miwili humgharimu mwenyewe Sh600,000 kwa miaka minane. Pampu ya Sh450,000 inayodumu miaka hiyo minane kwa matengenezo ya Sh80,000 inakuwa rahisi kwa Sh70,000, bila kuhesabu magunia yaliyolowa kila ile ya kwanza ilipogoma. Lakini hesabu hiyo inaweza kugeuka. Anayepata maji mara mbili kwa mwaka, tena kidogo, huenda hahitaji pampu ya bei kubwa, na si lazima aone haya kununua ya bei nafuu ilimradi imethibitika.

Kuthibitisha nako si kugumu. Muuzaji aweke pipa la lita 200 lililojaa maji, mpira upandishwe hadi kimo cha kazi, saa ishikwe. Maji yote yakitoka kwa dakika mbili, pampu inatoa takribani lita 100 kwa dakika. Jaribio hilo halichukui robo saa, na linatoa jibu ambalo rangi ya boksi haiwezi kutoa. Pampu bandia huiga jina, boksi na hata kibandiko, lakini ni nadra kuiga kazi.

Kabla hata ya pampu, paa lichunguzwe. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 3,000 za maji. Maji hayo yakimwagika nyuma ya nyumba, karibu na ukuta uliozama ardhini, pampu itakuwa ikiyatoa maji ambayo mabati yenyewe yaliyaleta. Mifereji ya paa na mtaro mfupi unaoyaelekeza mbali na ukuta vinaweza kupunguza kazi ya pampu kwa kiasi kikubwa, na mara nyingine kuiondoa kabisa.

Wenye stoo kandokando ya ziwa wana hali tofauti. Ziwa Victoria lilifikia kimo cha mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, Mei 2020, na likavunja rekodi hiyo Mei 2024 kwa kufikia mita 13.66. Ziwa likipanda, maji ya ardhini ya ufukweni hupanda nalo. Anayepampu maji hayo anavuta ziwa lenyewe, na hakuna kiwanda duniani kinachouza pampu ya kulimaliza. Mali ihamishwe juu, na fedha ya pampu isaidie kulipia pango la sehemu kavu.

Wajibu si wa mnunuzi peke yake

Ni kweli mnunuzi anapaswa kupima. Lakini mtu mwenye magunia yaliyolowa hawezi kuachiwa kazi ya kutofautisha bidhaa halisi na bandia. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC), yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, zifike kwenye maduka ya pampu kabla ya masika, si baada yake. Mwezi Februari ndio mwezi wa ukaguzi, kwa sababu Aprili fedha ya mwananchi imeshakwenda.

Chuo cha VETA Mwanza kiko hapo hapo Nyakato. Kina uwezo wa kuwa mahali ambapo fundi wa mtaani anajifunza kusoma jedwali la pampu na kufunga ethi ipasavyo, na ambapo mfanyabiashara anaweza kuileta pampu yake ipimwe kwa ada ndogo. Wauzaji nao waache kuuza kwa rangi. Duka litakaloweka pipa, mpira na saa mbele ya mlango litapata wateja wengi kuliko lenye mabango makubwa.

Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela nayo ina sehemu yake. Maji yanayotolewa stoo moja hayapotei. Yakikosa mtaro, hushuka kwa jirani wa chini, naye hununua pampu na kuyasukuma kwa anayemfuata. Mtaa mzima unaweza kutumia fedha kupeana maji yale yale. Mitaro ya vilimani ikisafishwa kabla ya mvua, pampu nyingi hazitahitajika, na zitakazohitajika zitakuwa na mahali pa kumwaga.

Mtaji wa mfanyabiashara mdogo huwa umelala kwenye magunia kumi au ishirini tu, na mara nyingi sehemu yake ni mkopo. Usiku mmoja wa mvua unatosha kuufuta. Anayeujua mtaji huo asikubali kuukabidhi kwa jina lililoandikwa kwenye boksi kabla hajaona maji yakitoka kwenye mpira.